Vitu Vyote vya Dunia Ukutani Kwangu

Jumapili, 7 Septemba 1997

Mwalimu kanichafulia ukuta. Chokaa ile nilipaka mwenyewe mwezi wa sita, mgongo ukauma siku tatu. Leo natoka mwaloni Katonga na fungu langu la dagaa, naingia chumba cha uani — ukuta mzima mkaa mtupu. Vijumba juu ya vijumba, kama bao la wendawazimu. Kila kijumba kina herufi na namba.

Nikauliza ni uchawi gani huu. Akasimama, na adabu zake zile za kanisani. Samahani Mzee, karatasi zimeisha, na hivi ndivyo vitu vyote vya dunia.

"Vyote?"

"Vyote. Kila unachokigusa kimetoka humu."

"Haya, nionyeshe dagaa."

Nilidhani nimemkamata. Akaweka kidole kijumba hiki, akahamia kile, akashuka cha chini. Hii nyama yake, haya maji yake, hapa na hapa ndipo miba yake. Na mimi je? Akasema, wewe Mzee umo mle mle alimo dagaa, mpangilio tu ndio tofauti. Shadya akacheka mpaka akashika mlango. Na mwalimu naye akacheka. Mara ya kwanza tangu aje.

Ukuta nimeusamehe. Sijamwambia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimwandike mtu huyu, maana kichwa changu siku hizi kinavuja.

Anaitwa Anatoli. Mrundi wa Rumonge, huko kwenye ziwa hili hili, alikuwa akifundisha kemia sekondari. Mwezi wa tano alibisha hodi kuomba maji. Shadya binti yangu alikuwa kizingitini na kitabu, analia. Ana miaka thelathini na minne, mjane, na anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea, apate kusomea uuguzi. Kemia inamtesa. Yule mgeni akanywa maji, akatazama kitabu, akasema: hapa hukusawazisha. Hajaondoka tangu siku ile.

Sheria inasema akae kambini. Hawezi. Kule kwao aliwaficha majirani wa kabila lile jingine darini, siku nne. Waliokuja kuwatafuta walimjua. Wawili kati yao wako kambini sasa hivi, wanakula mgao, wanamwulizia kwa jina. Basi anakaa uani kwangu. Mtaa mzima unajua na mtaa mzima ni kipofu. Kipofu mkuu ni Chande, mwenyekiti wa mtaa, mtani wangu. Akipita mlangoni kwangu anatazama mawingu, hata kukiwa hakuna wingu.

Jumatano, 10 Septemba

Somo linaendelea ndani, mimi nje ya dirisha nachambua maharage. Nasikiliza kwa sikio moja.

Kulikuwa na Mgiriki. Zamani sana, kabla ya Mtume, kabla ya Nabii Isa. Alisema ukikata kitu, ukakata, ukakata, utafika pahali kisu kinagoma. Kile kidogo kisichokatika ndicho atomi. Hakuwa na chombo cha kuionea. Kafikiri tu. Na watu walimwita mfalsafa mcheshi, maana alikuwa akiwacheka wenzake. Nikapenyeza kichwa dirishani, nikasema basi huyo mtani wa dunia nzima.

"Baba, maharage," akasema Shadya.

Watu wakamwacha na maneno yake zaidi ya miaka elfu mbili. Halafu akatokea Mwingereza, Dalton. Mwana wa mfuma nguo. Kaanza kufundisha shule akiwa na miaka kumi na miwili, na macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Huyu hakuona atomi hata moja, lakini alipima. Akakuta vitu vikiungana vinaungana kwa uzito uliopangwa, kila mara ule ule. Haviibi, haviachi. Akasema basi ndani mna vipande, na kila aina ya kipande ina uzito wake.

Hapo nikaacha maharage.

Mimi miaka thelathini na miwili nilikuwa mpima mizigo bandarini Kigoma. Darasa la nne na mizani — hiyo ndiyo elimu yangu. Sikuwa nafungua magunia. Gunia la kahawa lina uzito wake. Likizidi, mna mawe. Likipungua, mna mwizi. Nilijua cha ndani bila kukiona. Yaani nimefanya kazi ya Dalton mpaka nikastaafu na hakuna aliyenidokeza.

Nimemwambia mwalimu. Hakucheka. Alisema, "Ndiyo, Mzee. Ni kazi hiyo hiyo." Sijui kama alikuwa ananifurahisha. Nimefurahi.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo chumvi ya Uvinza. Mwalimu kachukua punje kwenye kiganja. Kumbe ni ndoa ya sumu mbili. Mmoja ni madini laini, ukimtia maji anawaka. Mwenzake ni hewa, ukiivuta inakata mapafu, na Wazungu waliwahi kuuana nayo vitani. Wakioana, unatia kwenye mchuzi. Nikasema hao ni mimi na marehemu mama Shadya.

Safu ya mwisho kule pembeni ni hewa zisizochanganyika na mtu. Nikasema na hao nawajua, ni wakwe zangu. Hawasalimii, hawali kwa mtu.

Halafu Mfaransa. Huyu naye wa mizani. Alichoma vitu ndani ya chupa iliyozibwa, akapima kabla, akapima baada, uzito ule ule. Akaandika orodha ya vitu visivyovunjika, thelathini na vitatu. Sasa, kumbe alikuwa pia mtoza kodi wa mfalme. Watu wakapindua serikali, wakamkata kichwa. Nikasema mtoza kodi? Basi machozi yangu nayaweka.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyake vyenye mkaa.

"Walisoma majina kwenye karatasi, Mzee. Hukumu na kifo siku moja."

Akatoka akaenda kusimama nyuma ya choo. Shadya aliniangalia. Jicho lile ni la mama yake, nalijua.

Aliporudi alishika mkaa kama hakuna kitu. Akasema alichopima yule mtu kimebaki: kitu hakipotei, kinahama tu. Nilitaka kumwuliza kama na watu ni hivyo. Mdomo wangu kwa mara moja ulinitii, ukafunga.

Alhamisi, 18 Septemba

Gari la matangazo limepita, spika juu. Mkimbizi yeyote anayeishi nje ya kambi ajisalimishe. Anayemficha naye ana kosa. Limepita mara mbili mbele ya nyumba.

Chande kapita dakika kumi baadaye. Kichwa juu, mawingu.

Nimemwambia mwalimu asitoke hata kuchota maji. Akauliza choo je. Nikasema choo nenda, lakini usiimbe nyimbo za kanisa. Anaimba, hajijui.

Jumanne, 23 Septemba

Nani alivipanga vijumba hivi? Nimeuliza mwenyewe leo, bila kujificha na maharage.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza mwingine. Aliona kwamba ukivipanga vitu kwa uzito, cha nane kinafanana na cha kwanza, kama sauti za kinanda. Akasimama mbele ya wataalamu wenzake akasema hivyo. Wakamcheka. Mmoja akamwuliza, je, umejaribu kuvipanga kwa alfabeti? Nilicheka sana, maana swali ni zuri, mimi mwenyewe ningeliuliza. Mwalimu akasema, "Ndiyo, Mzee. Na alikuwa amesema kweli." Nikaacha kucheka taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Halafu Mrusi. Mendeleev. Huyu mama yake nimempenda kuliko yeye. Watoto zaidi ya kumi, yeye kitinda mimba. Baba akapofuka, kisha akafa. Mama alikuwa anaendesha kiwanda cha vioo, kikaungua. Mama akachukua mtoto na vilivyobaki, akasafiri naye maelfu ya maili, barafu na matope, kumtafutia shule. Mji wa kwanza wakamkataa. Wakaenda wa pili. Wakampokea. Mama akafa muda si mrefu.

Mwalimu alisimulia hadi hapo akaweka mkaa chini. Kumbe na yeye mama yake alimtembeza kwa miguu kumpeleka seminari, siku mbili, kabeba mihogo kichwani. Kaburi lake hajui lina hali gani sasa. Shadya akafunika daftari.

Baadaye ndipo akamalizia. Yule Mrusi aliandika kila kitu kwenye kadi yake, akazipanga kama mcheza karata. Pale kadi zisipofuatana vizuri hakulazimisha. Akaacha pengo. Akasema, hapa kuna kitu, hakijaonekana bado, lakini uzito wake nitawaambia.

Jumamosi, 27 Septemba

Hili lazima niliandike. Kile kitu cha pengoni kilipatikana. Mfaransa mmoja akakichimbua, akakipima, akatangaza uzito wake kwa kulinganisha na maji. Mrusi akamwandikia barua: umekosea, kapime tena. Hajakigusa! Hajakiona! Yupo Urusi huko amekaa na karata zake. Mfaransa akakisafisha, akapima tena. Mrusi alikuwa sahihi.

Bandarini nilikuwa na Wabelgiji walioniletea karatasi zao za mizigo, nikiwaambia kapimeni tena. Walinitukana. Wakapima tena. Walikuwa wakirudi wamenywea.

Nimekwenda barazani kwenye kahawa na jambo hili kifuani kama mimba. Wanazungumza bei ya mafuta ya taa. Nikafungua mdomo — nikakumbuka, watauliza nimelijua wapi. Nikanywa kahawa tatu, nikarudi. Mzee wa miaka sabini na mmoja amejua kitu kizuri maishani na hana wa kumwambia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mwanamvua, dada yake Chande, kafariki alfajiri. Presha.

Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu walipokuja huku na misafara kutoka Manyema. Wakifiwa tunakwenda kuwatania, tukifiwa wanakuja kututania. Shehe hapendi, lakini hufumba macho. Msiba mkavu unavunja watu. Na katika ukoo wetu sasa mwenye kazi hiyo nimebaki mimi.

Nimeifanya. Nikavaa kanga yake, nikatembea mwendo wake wa bata, nikanadi vitumbua vyake vilivyoungua upande mmoja. Wanawake wanalia huku wanacheka. Jeneza lilipotoka nikalala kizingitini: hapiti mtu mpaka nipewe kuku, huyu mama ana kitumbua changu tumboni. Chande machozi yanamtiririka na meno yako nje. "Mpeni kuku huyu mwehu, dada akapumzike."

Kuku nikapewa. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningenyanyuka.

Lakini watu walikuwa wengi. Tangu nistaafu sijatazamwa na watu wengi namna ile. Nikasema kuku mmoja hatoshi. Nikasema, nina profesa wangu wa Kirundi uani kwangu, kaandika vitu vyote vya dunia ukutani, kila kimoja na uzito wake. Tumemtafuta Mwanamvua humo, hakuna kijumba kinachomtosha makalio. Na profesa anaujua ule moto unaokaa ndani ya atomi. Msipoleta kuku wa pili, Ujiji yote itaruka mpaka Kongo.

Walicheka. Halafu kicheko kikakatika upande mmoja, kama redio iliyoishiwa betri. Upande ule alikaa Bwana Mtendaji wa Kata. Mgeni, hajamaliza miezi miwili hapa. Hakuandika kitu. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Chande. Chande akainamisha kichwa.

Nilinyanyuka mwenyewe. Tukamzika. Kuku nimemwacha pale pale kwao.

Ijumaa, 3 Oktoba

Labda hakusikia vizuri. Kulikuwa na kelele.

Shadya kaweka sahani mbele yangu hakusema karibu Baba. Amesikia kwa wanawake.

Mwalimu hajaambiwa. Au ameambiwa. Leo hakuimba.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mtendaji amekuja saa nne asubuhi na mgambo wawili. Kabisha hodi. "Shikamoo, Mzee wangu." Si mtu mbaya, na hiyo ndiyo taabu. Angekuwa mbaya ningejua pa kumshika.

"Mzee wangu, utani naujua. Na kwetu tunatania msibani. Maneno ya mtani hayaendi mahali, kwa hiyo sikuulizi ulisema nini. Nakuuliza, yupo au hayupo?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mimi!

Mwalimu akatoka mwenyewe, mikono ina mkaa.

Wakaingia chumbani. Mgambo mmoja akaona ukuta, akasema mkuu, haya majina ya watu, na hizi ni idadi zao. Mtendaji akamwambia nyamaza. Akasimama muda mrefu mbele ya vijumba. Akasema, kama anaongea na ukuta, "Hii ilinifelisha kidato cha nne." Kisha akauliza dhahabu ni ipi. Mwalimu akamwonyesha, sabini na tisa. Akaigusa kwa ukucha.

Nje akasema Ijumaa malori yanaondoka, wote wanakwenda kambini, ni agizo, si utashi wake. Shadya akamweleza wale watu wawili. Alieleza vizuri. Mtendaji akasema kambini kuna polisi, dada yangu. Yeye mwenyewe hakulirudia.

Alikuwa amefika kwenye mti wa mpera akasimama. Akazungumza na mti.

"Isipokuwa kama huyu si mkimbizi. Kama ni Muha wa hapa hapa, upo utaratibu. Wazee wawili na mwenyekiti wa mtaa waje ofisini Ijumaa, waape kwamba wanamjua tangu utotoni. Wakiapa naandika. Sina zaidi la kuuliza."

Akaenda zake. Katufungulia mlango, kakaa pembeni tupite. Mzee wa kwanza ni mimi. Wa pili nitampata. Mwenyekiti ni Chande.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda Katonga kwa Oswald. Yeye ni Muha wa Ilagala, Mkristo, na bandarini alikuwa anasoma mizani mimi naandika. Nimemweleza: aseme Anatoli ni mtoto wa dada yake marehemu. Kakubali sijamaliza sentensi. Nikamwambia utashika Biblia, wewe. "Mimi na Mungu wangu tutaelewana," akasema. "Kuna jambo gani tulilomwambia kweli tukiwa bandarini?"

Jioni kwa Chande. Matangani, watu wamepungua. Yuko mkekani na tasbihi.

"Umekuja kudai kuku wako?"

Nikasema hapana. Nikamweleza la Mtendaji. Alijua. Kaitwa jana hiyo hiyo, kaulizwa mbona hakuripoti miezi mitano. Uenyekiti wenyewe unaning'inia.

"Miezi mitano napita kwako natazama mawingu, Nuhu. Mke wangu ananiuliza shingo ina nini. Halafu unanivua nguo mbele ya maiti ya dada yangu."

"Ulikuwa utani, Chande."

"Mpaka kuku, ulikuwa utani. Uliniliwaza, asante, ni kazi yako. Baada ya kuku ulikuwa unataka kusifiwa."

Miaka sitini tunarushiana maneno, hajawahi kunipiga pahali pale.

"Sasa nishike Msahafu niseme uongo. Udongo wa dada haujakauka."

"Watamwua."

Akahesabu tasbihi. Alihesabu mzunguko mzima. Mkewe akaleta chai, akanipa na mimi kikombe, na sukari kaweka vijiko vitatu kama ninavyopenda. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nimeondoka sijainywa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwalimu hajanilaumu. Leo nilimfuata nikajaribu kuomba radhi, ikatoka kama mzaha. Nimezoea vibaya. Alisubiri nimalize. Akasema, "Mzee, nimebakiza safu mbili na mtihani wa Shadya uko mwezi ujao. Tufanye kazi."

Shadya ananakili ukuta kwenye daftari, lolote litakalotokea kesho abaki nao. Mkaa ule unafifia. Mwalimu alikuwa anafunga kifurushi chake, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma. Nikasimama ukutani nikamtajia, herufi, namba, uzito, herufi, namba, uzito, kwa sauti ya Oswald ya bandarini. Nikakimbia mno.

"Baba, polepole."

Neno la kwanza tangu Ijumaa. Nikaenda polepole. Ningeweza kusoma mpaka asubuhi, lakini ukuta una mwisho.

Chande hajatuma neno.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika kwenye benchi la ofisi ya kata. Goti ndiyo meza.

Malori manne nje. Watu wengi kuliko nilivyofikiri. Mwanamke mmoja ana godoro na mbuzi. Wapo niliokuwa nanunua mihogo kwao miaka yote, sikujua ni Warundi. Au nilijua.

Asubuhi kaapa Oswald. Kashika Biblia, kasema ni mtoto wa dada yangu, kazaliwa Ilagala, nukta. Safi kabisa, kama anasoma mizani. Mtendaji kaandika.

Kisha mimi. Nikashika Msahafu. Watu walikuwa wamejazana dirishani, wengi ni wa mtaa wetu, walikuwepo msibani. Sijasema neno, mtu akaanza kucheka. Na mwingine. Bibi mmoja akasema, haya Mzee Nuhu, tupe. Nikasema namjua mtu huyu tangu mtoto. Wakacheka. Nikasema mama yake alikuwa akimbeba mgongoni, alitembea naye kwa miguu njia ndefu, wakamkataa mji wa kwanza, hakurudi nyuma. Sauti ikaanza kutetemeka. Wakaona naigiza, wakazidi. Mgambo kashika mbavu. Nikalia mbele yao na watu wanapiga makofi.

Mtendaji hakucheka. Ila kalamu yake haikusogea.

"Mzee wangu," akasema polepole, "niandike hili?"

"Andika."

Akaandika, sijui aliandika nini. Akasema sasa amebaki mwenyekiti, na neno la mwenyekiti ndilo litakaloamua, maana haya mengine — akanyoosha mkono kwenye dirisha. Adhana ikaingia. Turudi saa nane.

Sikwenda msikitini. Niliogopa wangecheka na huko.

Mwalimu kakaa kwenye kivuli cha lori la tatu, Shadya pembeni yake na daftari. Mgambo kawaachia. Anamwuliza safu hii tabia yake nini, anajibu. Safu ile. Anajibu. Akikosea anamwachia atafute mwenyewe. Dereva kawasha injini mara moja, akaizima, anajaribu tu. Wote wawili waliinua vichwa, kisha wakarudi kwenye daftari.

Saa nane na robo. Chande kafika. Kanzu nyeupe ya Idi. Kapita mbele ya benchi langu hakutazama mawingu wala mimi. Watu wa dirishani wamenyamaza wenyewe. Mtendaji kamsogezea Msahafu, Chande kasema ngoja kidogo. Karudi mlangoni, kavua viatu. Kaviweka sambamba. Sasa yuko kwenye pipa la maji hapo nje anatawadha, kwa utaratibu, kiganja, kiwiko, kama hakuna malori. Anayekwenda kusema kweli hujiandaa hivi. Na anayekwenda kubeba dhambi ya mwenzake, nafikiri na yeye —

Kaingia. Ananiita. Si Mtendaji anayeita, ni Chande. Anasema njoo usimame hapa mbele yangu, nikuone usoni wakati nasema.